Sindano Tupu kwa Farasi wa Isaka

Huku kwetu mtu akikwambia ana mifugo, ana ng'ombe. Asiye na ng'ombe ana mbuzi, na mwenye kuchota maji mbali ana punda. Farasi nilimwona kwa macho yangu nikiwa tayari na mvi, siku kijana wa bosi wangu alipooa. Bosi ni Mhindi mwenye maghala hapa Isaka, na kwa mila yao bwana harusi humfuata bibi harusi akiwa juu ya farasi. Basi farasi akaletwa kwa lori kutoka Arusha, jike jeupe, akavikwa maua, akambeba kijana kutoka relini hadi kwenye mahema huku madereva wa malori wakipiga honi. Harusi ikaisha. Maharusi wakaenda kuishi nje, na haukupita muda bosi na mkewe nao wakahamia Dar es Salaam. Tukabaki maghala, farasi na mimi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipostaafu mke wangu alikuwa ameshafariki, na wanangu wako Masumbwe na Segese wakifukuzia dhahabu. Hunipigia simu wakikumbuka, na kukumbuka kwao hakuna ratiba. Kazi ya kuangalia maghala niliichukua kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno, hata kijiko kikianguka nilishtuka. Nasema wazi, nilikuwa mpweke, na upweke wa mzee hauna wa kumwambia, maana kila unayemwambia anakushauri uoe.

Yule farasi hakuwahi kupewa jina. Nilimwita "wewe", naye aliitika kwa kugeuza sikio moja. Asubuhi nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha nikamjibia mwenyewe. Madereva walikuwa wakisimama kupiga naye picha na kuniuliza kama ni punda wa Kizungu. Nilikuwa nawajibu kwamba ndiyo, na kwamba anasubiri pasipoti. Naye, nadhani, alikuwa mpweke kuliko mimi. Mimi angalau nilikuwa nawaona watu wengine. Yeye tangu afike hakuwa ameona farasi mwenzake.

Jioni niliwasha shikome. Msukuma hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme: ni moto wa jioni uani, wanaume wanakaa kuuzunguka, wanakula hapo, wanazungumza, na vijana wanafundwa hapo. Baba yangu alikuwa akiuwasha karibu na zizi na kuulisha mavi makavu ya ng'ombe, ili moshi ufukuze mbu na nzi, na ng'ombe wenyewe walikuwa wakiusogelea. Nami nikafanya hivyohivyo mlangoni mwa banda la farasi. Nilikaa kwenye kigoda, nikala ugali wangu, nikamsimulia farasi habari za watu waliokwisha kufa. Moshi wote ulimwendea yeye, naye hakusogea hata kidogo. Niliona ananipenda.

Kiangazi kilipokolea akaanza kukohoa. Kwanza wakati wa kula, kisha hata akiwa amesimama tu. Pua zikawa zinapanuka, na tumbo likawa linasukuma kila pumzi itoke, hadi msuli ukamchora mstari ubavuni. Bwana mifugo wa kata alikuja, akampiga sindano ya dawa ya ng'ombe, akaniambia kwa ukweli wake, "Mwalimu, huyu mimi sijamsomea." Nikampigia bosi.

Bosi alisikiliza, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alikuwa ameshapata shamba kule Arusha lenye farasi wengi, na wenyewe walikuwa tayari kumpokea. Lakini kwa kifua kile asingefika; safari ile ya lori na vumbi ingemuua njiani. "Nakutumia daktari wa farasi, mwalimu. Akipona tu, anaondoka." Nikasema sawa, bosi. Nilikata simu. Nilikuwa nimeomba apone, na sasa nilijua akipona itakuwaje.

Daktari alikuwa mama wa makamo, anatembea haraka. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, daktari." Alimsikiliza farasi kifua kwa mpira wake wa masikioni pande zote mbili, akasema ni pumu. Alimpa dawa ya kuvuta puani kupitia kikombe kikubwa cha mpira. Kisha akafungua kifurushi cha sindano nyembamba, nyembamba kuliko za kushonea, akaanza kumchoma: shingoni, nyuma ya bega, kando ya uti wa mgongo, kifuani. Hazikuwa na bomba wala dawa. Majirani walikuwa wamejaa ukutani, na mama mmoja anayeuza samaki akauliza, "Sasa dawa iko wapi?"

"Hakuna dawa, mama. Ni sindano tupu. Ni tiba ya Kichina."

"Hee. Na sisi tunalipia chanjo bure."

Farasi alitikisa ngozi kama anafukuza nzi, halafu akashusha kichwa taratibu hadi usawa wa kiuno changu. Mdomo wa chini ukalegea. Pumzi zikaanza kupungua kasi. Nilisimama pale nimeshika kamba na machozi yakanilenga, maana sikuwahi kumwona akipumzika. Daktari hakuniachia nidanganyike. "Sindano zinamtuliza, na zinampa nafasi. Hazimponyi peke yake. Kuna kitu hapa kinamuumiza kila siku." Akanusa hewa, akatazama majivu mlangoni. "Nani anawasha moto hapa?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Ng'ombe anastahimili, alisema. Kifua cha farasi hakiwezi moshi wala vumbi la nyasi. Niloweshe nyasi kabla ya kumlisha, nitoe pumba za mpunga nilizomtandikia, na moto basi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nikazoa majivu. Jioni zangu zikawa hazina pa kuanzia. Mtu asiye na moto hana hata sababu ya kukaa nje. Anakula amesimama, anaingia ndani, anasikiliza malori. Nilijaribu kukaa na kigoda bila moto nikajiona kama mgeni aliyesahauliwa uani. Mwishowe nikaacha kigoda, nikawa nasimama naye bandani nimeegemea bega lake, kimya, kwa sababu gizani bila moto hata hadithi zilikataa kutoka.

Daktari alirudi na sindano zake mara kadhaa. Kila alipoondoka farasi alikuwa na nafuu kidogo zaidi. Mstari wa ubavuni ukafifia. Akaanza kukimbia uani, mkia juu, akiwatisha kuku wa jirani. Nilifurahi, na jioni ya siku hiyohiyo nilishindwa kula.

Lori lilikuja asubuhi, limetandikwa vizuri. Daktari hakuweza kuwepo, lakini alikuwa amempigia dereva na amenipigia na mimi, na maneno yalikuwa mamoja: akikohoa hata kidogo siku hiyo, asipakiwe, tusubiri mpaka mvua zinyeshe. Farasi alipanda ubao bila kubembelezwa. Alinusa ndani ya lori, mahali ambapo bila shaka farasi wengine walikuwa wamesimama kabla yake, akatoa sauti ambayo kwangu hakuwahi kuitoa, ndefu, akasimamisha masikio yote mawili kusubiri jibu.

Dereva alikuwa mtu wa malori, wanyama hakuwajua. Akanitazama.

"Mwalimu, wewe ndiye unamjua. Jana na leo amekohoa?"

Hapakuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. Neno moja lingetosha, na mvua zilikuwa mbali. Nilipanda ndani, nikaweka sikio ubavuni mwake, nikasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikiomba nisikie hata mkwaruzo mdogo. Hewa iliingia, ikatoka, safi.

"Hajakohoa," nikamwambia. "Funga mlango."