Taya la Ng'ombe kwenye Uwanja wa Profesa Élida

Ukifika mji wetu wa Tacuarembó ukauliza nani aliyeokoa uwanja wa nyasi wa Profesa Élida, utaambiwa ni mimi.

Nimewaambia mwenyewe.

Siku hiyo bibi wa miaka themanini na moja alilala kifudifudi kando ya kinyesi cha ng'ombe, mbele ya mtu aliyekuja kumnyang'anya kazi ya maisha yake. Akaanza kucheka.

Tulia nikupe kisa.

Naitwa Yamandú, ila wote wananiita Tero. Tero ni ndege wetu wa mbugani: kelele anapigia huku, mayai kayaficha kule. Jina alinipa Profesa, wiki ileile aliponichukua nimbebee vifaa, ndiyo kwanza nimetoka sekondari.

Profesa alifundisha elimu ya nyasi miaka arobaini. Mabingwa wa malisho unaowasikia nchini, wengi wamepita kwake, na wote aliwalaza tumbo chini.

"Nyasi hazisomwi umesimama," alikuwa akisema. "Ukisimama unaona rangi tu."

Uwanja wake wa kuchunguzia nyasi ulikuwa ndani ya shamba la mzee Olegario. Ng'ombe waliingia kwa zamu, kisha wakatolewa nyasi zipumue. Miaka thelathini hivyo, kwa neno la mdomo.

Mzee akafa. Shamba likamwangukia mkwewe, Rivero.

Rivero alitaka kupanda mikaratusi.

Akaleta sharti. Fremu ya chuma, ule mraba tunaohesabia mimea ndani yake, itupwe mara moja kwa Profesa, mara moja upande wake Rivero, ng'ambo ya uzio wa waya. Aina za mimea ndani ya fremu ya Profesa zisipofika mara mbili ya zake, Jumatatu trekta linaingia.

Sasa, fremu ina mila yake. Unageuka, unafumba macho, unarusha nyuma juu ya bega. Huchagui.

Huchagui wewe. Mimi asubuhi ile niliokota taya la ng'ombe, jeupe pee, nikaliweka bondeni pale nyasi zilipojaa kama godoro. Nikiligeuzia mgongo na kurusha nyuma, fremu inaangukia hapo, mchezo umeisha.

Rivero akaja na buti zinang'aa. Profesa akampa kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani. Akanywa, akarudisha.

"Asante."

Kwetu ukisema asante kwenye kibuyu, umekataa kuongezwa. Na hicho kilikuwa cha kwanza. Nikajua huyu hakuja kuongea.

Fremu ya upande wake ikatupwa. Aina sita.

Tulihitaji kumi na mbili.

"Zamu yako, Tero," Profesa akasema.

Nikaligeuzia taya mgongo. Nikafumba macho. Rivero alikuwa ananikodolea mimi, si fremu. Sikujali.

Mara nikahisi mikono mabegani. Mikavu, migumu kama mizizi. Ikanigeuza polepole mpaka nikapotea kabisa.

"Profesa, lakini..."

"Rusha, mwanangu."

Nikarusha. Ikalia ngaa.

Jiwe.

Nikafumbua macho. Fremu imelala kilimani kwenye kipara: mawe, vishungi vya nyasi vilivyokauka kwa jua la Januari, na kinyesi kikavu katikati. Nilichoka.

Rivero akatabasamu. "Mama Profesa, hapo umevuna mavi."

Ndipo alipolala chini, akapeleka pua kwenye nyasi, akacheka.

"Njoo uone."

"Naona kutoka hapa."

"Unaona rangi. Lala."

Rivero akanitazama mimi, akamtazama yeye. Sikuelewa kwa nini, lakini alipiga magoti, kisha akalala na suruali yake ya pasi.

"Vuta hicho kishungi," Profesa akasema.

Akavuta. Hakikutoka. Akavuta kwa nguvu, kikakatika, shina ndani kijani.

"Kwako ukivuta kinakuja na udongo. Hiki kina mizizi ya miaka thelathini. Moja."

Vidole vyake vikatembea. Mbili. Tano. Tisa. Nikashika kofia. Kumi. Kumi na moja.

Vidole vikasimama.

Akapita tena, pembe hadi pembe.

"Kumi na moja," akasema. Hakupunguza wala kuongeza.

Nikatazama pembeni, nisimwone akiinuka.

"Na hii?"

Sauti haikuwa ya Profesa. Ilikuwa ya Rivero. Amefunua kinyesi kwa kidole, chini yake kuna kijani chembamba, majani matatu. Alipokumbuka yuko upande gani, tayari ameshasema.

"Klova ya porini," Profesa akanong'ona. "Kumi na mbili."

Rivero akabaki chini kidogo. Akainuka, akajifuta.

"Kibuyu kiko wapi? Niongeze."

Trekta halikuja.

Profesa alifariki majira ya baridi yaliyopita. Wanafunzi wake wakaja kutoka kila kona, tukachoma nyama palepale uwanjani. Nami nikasimulia jinsi nilivyopiga hesabu ya upepo na mkono, nikalenga kilima.

Wakapiga makofi. Nikainama.

Rivero akatoka nyuma, akaweka kitu mezani. Taya la ng'ombe.

"Hili lilikuwa langoni kwangu," akasema. "Nilikuona ukiliokota, Tero, na bondeni nikaliona tena. Fremu ingeanguka hapo, ningepanda gari na kwenda kuita trekta. Yeye akakugeuza. Kwa hiyo nikalala."

Hakuna aliyetafuna.

"Endelea, Tero," bingwa mmoja akasema. "Ulikuwa kwenye upepo."

Siku hizi uwanja ninautunza mimi, na wageni wa fremu nawafunza mimi: geuka, fumba macho, rusha. Ukweli wako usiuchagulie mahali, unaweza kuwa chini ya kinyesi.

Taya nimelitundika mlangoni. Wakiuliza la mnyama gani, nawaambia ni la tero.