Vipimo Nilivyomharibia

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi: mzee niliyefanya naye kazi Changamwe amefariki kwake Likoni, na atazikwa adhuhuri. Nilisoma ujumbe ule mara sita, kana kwamba mara ya saba ungebadilika.

Kazi yetu ilikuwa kuandika mfumo wa kufuatilia makontena. Kuna programu iitwayo kompaila, ambayo hugeuza tulichoandika kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Mfumo ulikuwa na maelfu ya faili, na kuugeuza wote kulichukua dakika sita. Tulipoweka toleo jipya la kompaila, zikawa arobaini. Sisi vijana tulitaka kompyuta mpya. Yeye alichukua daftari, akawa anaondoa sehemu moja, anapima muda, anairudisha, kisha anaondoa nyingine, ajue ni ipi inayochelewesha. "Babu, si mashine inajipima yenyewe?" mwenzetu wa bara alimtania. "Yajipima, lakini haijui inatafuta nini," akajibu bila kuinua uso. "Nanyi msiguse kitu mpaka nimalize, tafadhalini." Alituomba hivyo kwa sababu sote tulifanyia kazi nakala moja, kwenye seva moja.

Siku ya tisa niligusa. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, nikiogopa kuonekana nimekaa bure, nikaongeza mistari minne katika faili ambayo faili nyingine zote huisoma kwanza. Alasiri vipimo vyake vikaacha kukubaliana. Sehemu iliyokuwa nyepesi asubuhi sasa ilikuwa nzito. "Wallahi sielewi," alisema, akinisogezea daftari. "Hebu nitazamie, mwanangu. Pengine ni macho yangu." Nilitazama, nikajua. Nikasema, "Labda ni joto la mashine, mzee." Jioni niliifuta mistari ile kimyakimya, na kesho yake namba zikageuka tena.

Baada ya siku tatu alimwendea meneja, akakiri mwenyewe kwamba vipimo vyake haviaminiki. Mkataba wake haukuendelezwa. Chanzo cha kuchelewa hakikupatikana, nilipoondoka pale tulikuwa bado tunasubiri dakika arobaini, na hakuna aliyeuliza tena.

Matangani binti yake alinikaribisha. "Baba alikutaja sana. Akisema ni wewe tu usiyemcheka." Nikamjibu, "Mungu amrehemu," nikainama kuvaa viatu.

Nimefikiri sana, kama kawaida yangu, na kila njia inanirudisha palepale. Mikataba yetu ni mifupi, wanaongoja nafasi zetu ni wengi, kwa hiyo kila mtu anaficha kosa lake dogo, na kosa hilo linatafuta mtu mwingine wa kulibeba. Mara nyingi humpata yule mwaminifu kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye aliye tayari kujishuku. Ukimvurugia mtu kazi yake, mwambie siku hiyohiyo, kabla hajaanza kuishuku akili yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya kuvuka kwenda Likoni kumwambia. Sasa nimewaambia ninyi, na si ninyi niliowakosea.