Kioo cha Kukinga Macho

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika kiwanda cha majani chai upande wa Sosiot. Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta mbili. Skrini ya yangu ilitetemeka kutwa, maandishi ya kijani yakichezacheza, na kufikia saa sita nilikuwa natokwa na machozi kama mtu aliyekata vitunguu. Nikitoka nje, hata mashamba ya chai niliyaona yakitetemeka.

Kompyuta ya pili ilikuwa ya mkubwa wangu. Hiyo ndiyo iliyowekewa kioo cheusi cha kukinga macho na mwanga wa skrini, kimoja tu tulicholetewa. Alikipangusa kila asubuhi kwa leso yake, kisha akaifunika kompyuta yote kwa kitambaa alichofuma mke wake. Wageni wakija, aliwahubiria hatari za skrini mpaka chai yao ikapoa.

Siku moja nikamwomba aniazime kioo hicho, hata kwa wiki moja. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa.

"Madam, shida yako ni kukodoa macho," alisema. "Mimi niko na kompyuta hapa kila siku na macho yangu haina shida. Kunywa maziwa, utazoea."

Kalamu ikaniponyoka, nikainama kuiokota. Chini ya meza yake, waya wa kompyuta ulikuwa bado umefungwa kwa mpira, vile ulivyotoka kwenye katoni. Kwenye soketi alikuwa amechomeka birika lake la chai.