Ijumaa za Klabu ya Kijiji

Ukimuuliza Dancan alikuwa nani huko Dubai, hatakwambia kwamba alikuwa mlinzi wa ghala Al Quoz. Atakwambia alikuwa mchezaji wa kriketi wa Klabu ya Kijiji, tena mpigaji, na mwenye kumjua hapo huangua kicheko.

Klabu ilianzishwa na Mzee Muhanna, Mzanzibari aliyehamia Dubai zamani na kufungua karakana ya kushona viti vya magari. Nyuma ya karakana palikuwa na kiwanja kitupu cha mchanga. Kila Ijumaa asubuhi, kabla Mzee hajaenda msikitini, Waswahili wa mabweni ya jirani walicheza hapo: Wakenya, Waganda, vijana wa Tanga. Badala ya vijiti waliweka kreti ya soda, mpira ukiiangusha mpigaji anatoka, na mpira ulikuwa wa tenisi, umezungushiwa tepu ya fundi umeme. Wakaiita Kijiji kwa kuwa kila mmoja alikuwa na chake alichokiacha nyuma. Dancan, mtoto wa Kisii aliyekulia kwenye soka, alidhani kriketi ni mchezo wa wavivu. Siku alipoupiga mpira kwa gongo ukaruka ukuta, ugonjwa ukamwingia, na dawa hakuipata tena.

Mzee Muhanna alikuwa mkali kwa sheria zake. Mmoja akirudi kwao moja kwa moja, Ijumaa yake ya mwisho hupewa gongo, na hatolewi. Kreti hata ianguke mara ngapi, ataendelea kupiga mpaka mwenyewe aseme "khalas", yaani basi, imekwisha. Akishalisema, haligusi tena gongo katika kiwanja kile.

Mwaka 2013 mkataba wa Dancan ulikuwa unaisha. Haraka haraka haina baraka: akaaga. Alipiga mpaka mikono ikafa ganzi, akasema khalas, wakamkumbatia. Katikati ya wiki arbab wake, yule tajiri aliyemwajiri, akamwongezea mkataba. Ijumaa, huyo, kaja kiwanjani kichwa chini.

"Wewe si tulikuaga last week?" Harrison, Mkenya mwenzake, akamcheka.

"Nimeongezewa, buda."

"Hongera, mwanangu," Mzee Muhanna akasema. "Utarusha mpira, utaokota. Gongo huligusi."

"Aki Mzee, si ni arbab ndiye amebadilisha?"

"Hata maiti haagwi mara mbili."

Basi miaka ikapita Dancan akirusha na kuokota. Aliwatazama wenzake wakipiga, roho inamuuma kama mtoto anayetazama sahani ya jirani. Alimkasirikia Mzee kwelikweli, na bado hakukosa Ijumaa ila akiwa zamu. Mmoja mmoja walipiga, wakasema khalas, wakaenda zao, Harrison naye. Kijiji kikabaki na watu wa kuhesabika.

Mwaka 2017 wenye kiwanja wakataka kujenga ghala. Ijumaa ya mwisho Mzee Muhanna alilitwaa gongo, akamnyooshea Dancan.

"Lakini mimi siendi popote, Mzee."

"Wewe huendi. Kiwanja ndicho kinachokwenda. Shika, nitakurushia mwenyewe."

Dancan akapiga. Alipiga, jamani! Mpira uligonga ukuta, ukapaa juu ya karakana. Kreti ikaanguka, ikasimamishwa. Alikuwa na furaha mpaka akaona aibu. Jua likapanda. Mzee, kanzu kaipandisha kiunoni, akaushika mpira asiurushe.

"Sema basi, mwanangu, tumalize."

"Sisemi."

"Nitachelewa sala."

"Nenda tu, Mzee. Nikisema, Kijiji kimekwisha."

Mzee Muhanna akageuka upande, akafuta macho kwa ncha ya kanzu, wala hakumhimiza tena. Basi la kampuni likapiga honi barabarani, zamu imefika. Dancan akalilaza gongo mchangani taratibu, akapanda basi.

Leo pale pana ghala, na Dancan yuko Kisii anafuga ng'ombe. Khalas hakulisema, si siku ile wala baadaye. Kwa sheria ya Mzee Muhanna, bado anapiga.