Jéthro Umba na Chakula cha Moyo

Jéthro Umba aliingia katika dispensari ya mtaa wetu wa Kamina akiwa mfagiaji. Siku moja muuguzi aliugua, akina mama wakajaa mlangoni na watoto wenye homa, na daktari, kwa kukosa mtu mwingine, akampa Jéthro bomba la sindano. Ikaonekana ana mkono mwepesi. Watoto waliolia wakimwona muuguzi walinyamaza wakimwona yeye. Miaka ikapita, naye akawa anadunga sindano kila siku, bila cheti chochote, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha, mwaka 1954, likaja agizo: asiye na cheti asiguse sindano. Wale waliojifunza kazi kwa mazoea wangeulizwa maswali ya mdomo, kwa Kiswahili, na daktari mgeni. Atakayeshindwa angerudishiwa ufagio wake.

Aliyejitolea kumfundisha Jéthro ni Éphraïm Mwila, muuguzi kijana aliyesoma shule ya wauguzi na kupata cheti. Éphraïm alimpenda sana mzee huyu, ila hakujua kupenda bila kutania.

"Muzee, mifupa unajua," alimwambia jioni moja. "Tumbo unajua. Lakini kwa roho, utaanguka."

Kwetu Katanga, moyo ule unaopiga kifuani tunauita roho.

"Roho iko na shida gani?" Jéthro akajibu. "Inaogelea mu damu muchana na usiku. Itakosa nini?"

"Njo pale utaanguka! Roho haikunywe ile damu inapitisha. Iko na mishipa yake yenyewe ya kuilisha. Coronaires."

Jéthro hakusadiki. Lakini hakuwa mtu wa kubisha. Alikuwa mtu wa kutazama. Mkewe, Léonie, aliuza nyama ya ng'ombe sokoni, basi Jéthro akamwomba amletee moyo mmoja mzima.

"Ya kupika?" Léonie akauliza.

"Ya kuangalia kwanza, Mama Kapenda."

"Nyama tunaangaliaka na meno, Baba Kapenda."

Hata hivyo akauleta. Jéthro akauweka juu ya meza, nje ya nyumba, akaupasua kidogo upande wa kushoto. Ukuta wake ulikuwa mnene kuliko alivyodhani. Damu ya ndani ingelowesha ngozi ya ndani tu. Katikati ya nyama ile isingefika. Akaacha kisu, akaanza kutafuta kwa kidole. Pale mshipa mkubwa unapotokea moyoni, juu kidogo ya vile vijilango vinavyozuia damu isirudi, akagusa matundu mawili. Hayakuwa majeraha ya kisu. Yalikuwa na midomo laini, ya kuzaliwa nayo.

Alihitaji kitu cha kusukumia maji. Nyumbani palikuwa na poire, ile pampu ndogo ya mpira ambayo kila mama wa Kamina huitumia kuwasafisha watoto tumbo kwa njia ya haja. Jéthro akaiosha mara nyingi, akaijaza maji yaliyotiwa bleu, ile rangi ya buluu ya kufulia nguo, akaingiza ncha yake katika tundu la kwanza na kuminya.

Rangi ikakimbia. Ilishuka kwa mbele, katika mfereji ulio kati ya pande mbili za moyo, na tawi lake jingine likazunguka kushoto. Akajaribu tundu la pili. Rangi ikazunguka kulia. Mishipa hiyo miwili ilikuwa imeuzingira moyo juu, kama ngata ambayo mwanamke huiweka kichwani kabla ya kujitwika beseni. Mtu aliyeiita mishipa hiyo coronaires, yaani ya taji, hakukosea, lakini Jéthro aliona ngata, na tangu hapo hakulisahau tena lile neno la Kifaransa.

Akafanya jambo moja zaidi, ambalo mimi hulistaajabia kila ninapolifikiria. Aliukamata moyo kwa mkono wa kushoto na kuukaza, kama vile unavyojikaza wenyewe ukipiga, huku mkono wa kulia ukiminya poire. Maji yakagoma. Alipolegeza mkono, yakapita. Akaendelea kuminya taratibu, mpaka maji ya bleu yakaanza kutoka kwingine kabisa: kwa nyuma, kupitia mshipa mmoja mpana unaokusanya mingine, yakamwagikia katika chumba cha juu cha kulia, kule ambako damu ya mwili mzima hurudia.

"Mama Kapenda! Kuja uone!"

Léonie akaja na mwiko mkononi. Akatazama moyo, akatazama meza.

"Ile njo poire ya batoto?"

"Niliisafisha."

"Basi ile roho mutaikula weye na Éphraïm."

Siku ya mtihani ikafika. Daktari mgeni alikuwa Mbelgiji mwenye miwani, aliyejifunza Kiswahili kwa mapadri. Jéthro alivaa koti lake la ibada. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kimetodisti huko Kabongo, na maswali ya kujibiwa kwa kusimama wima alikuwa ameyazoea tangu utoto, lakini ya kanisani.

Alijibu vizuri juu ya mifupa, na juu ya mapafu. Daktari akafungua ukurasa mwingine.

"Roho inakula nini?"

"Neno ya Bwana, Munganga," Jéthro akamjibu daktari kwa sauti ya Jumapili.

Wenzake waliongoja zamu chumbani wakacheka wote. Éphraïm, aliyekuwa anasikiliza dirishani, akainama asionekane. Jéthro akauona tena ufagio wake akilini.

"Ni kweli kabisa," daktari akasema, akifuta miwani. "Lakini mimi nauliza ile ya nyama."

Maneno ya Kifaransa yalikuwa yamemkimbia. Jéthro akainua ngumi yake ya kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akaanza kuonyesha juu yake.

"Iko mishipa mbili. Inatokea hapa, ku mwanzo ya mushipa mukubwa. Moja inashuka mbele na kuzunguka huku, ingine inazunguka kule. Kama ngata." Akaigeuza ngumi. "Damu yenye imetumika inakutana nyuma, mu mushipa moja, inaingia mu chumba ya kuume. Kuko na ingine midogo sana, ile inafungukia ndani ya vyumba moja kwa moja."

"Roho imejaa damu. Kwa nini haikunywe ile?"

Jéthro akashusha ngumi. "Bibi yangu anauzisha nyama. Mikono yake iko mu nyama siku muzima, na njaa inamushika. Sharti apewe sahani yake."

"Na roho, inapewa sahani saa gani?"

"Ya kwanza, Munganga, mbele ya mwili wote. Lakini inakula zaidi wakati inaregea. Ikijikaza, inafinya mishipa yake yenyewe."

Daktari akaandika.

Adhuhuri majina ya waliofaulu yalisomwa barazani. La Jéthro lilisomwa la mwisho, lakini lilisomwa. Éphraïm akamrukia shingoni akipiga kelele, "Neno ya Bwana amepita!" Jéthro akamwondoa taratibu, akamfuata daktari aliyekuwa anaelekea kwenye gari lake.

"Munganga, niko na ruhusa kuanzia leo, ao kesho?"

"Leo," daktari akasema. "Kwa nini?"

"Kuko batoto na homa kule ndani," Jéthro akajibu, huku akivua koti la ibada.