Nilivyokwenda Unguja Kumkagua Mchonga Milango

Safari hii niliifunga kwa hasira. Binti yangu alikuwa ameposwa na Seif, fundi wa milango huko Unguja, na posa nshaikubali, ndipo akaja jirani mmoja kutoka huko akanipasha uwani kwangu, tena mbele ya watu: "Bi. Mwanakombo, huyo mkweo mtarajiwa anachonga watu." Masanamu! Binti yangu akaangua kilio. Nikamwambia, "Nyamaza. Nakwenda kutazama kwa macho yangu. Nikikuta sanamu yake moja tu, posa imevunjika."

Kutoka Pangani nikaenda Tanga, na Tanga nikapanda meli. Kutapika nilitapika mpaka nikatubu. Mtu mzima mimi, nimekumbatia ndoo mbele ya wanaume!

Bandarini Unguja alinipokea binamu yangu Zuwena, anayekaa Jang'ombe. Akanipitisha Mji Mkongwe kwa makusudi, nione milango. Lahaula! Vichochoro vyembamba hata punda akija unajibanza ukutani, lakini milango yake utadhani ya majitu. Chini ya mwimo wa mlango mmoja nikaona samaki wamechongwa, nikaruka nyuma.

"Viumbe hao!"

"Tazama vizuri, bibi wee," akasema Zuwena.

Hawakuwa na macho. Magamba yao yalipanda na mwimo yakageuka majani, na majani yakawa maua. Zuwena akasema, "Fundi wa huku hatii jicho. Akitia, kesho Kiyama ataambiwa akitie kiumbe chake na roho."

Asubuhi yake, Jang'ombe, tukaenda kwenye banda la Seif. Tulimkuta ameinamia mwimo wa msaji, michoro imepigwa kwa bikari na chaki, patasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu, macho yangu yako juu ya rafu. Kichwa cha mtu! Cheusi ti, kina meno, kinanicheka! Nilipiga ukelele majirani wakachungulia.

"Si changu, mama," Seif akasema, jasho linamtoka. "Cha mwenzangu Lukasi. Tunagawana banda na jiwe la kunolea."

Lukasi, Mmakonde mwenye chale usoni, alikuwa amekaa pembeni, gogo la mpingo limebanwa baina ya miguu yake. Hana chaki wala bikari.

"Na wewe unafuata mchoro gani?" nikamwuliza kwa ukali.

"Naanza na mtu ninayemwona," akasema. "Halafu mti unakataa, tunabishana."

"Wazimu huo," nikamwambia.

Seif sikumwamini hata kidogo. Basi nikahamia pale. Kila kukicha naja, nakaa juu ya kigoda, namkodolea macho. Akichonga samaki, nainuka kukagua jicho. Zuwena alicheka mpaka akashika mbavu: "Mwenzetu kageuka askari!" Lukasi yuko pembeni anagonga gogo lake, nami sina habari naye.

Alhamisi Seif akasema, "Nshamaliza, mama." Nikakagua mwimo mzima. Samaki wote vipofu. Roho yangu ikatua, nikageuka kumuaga Lukasi.

Mikononi mwake alikuwamo mama yangu.

Mama alikufa nikiwa na mimba ya binti yangu huyu. Hakupata kupigwa picha hata siku moja, alikataa mwenyewe. Na mimi uso wake ulikuwa umenitoka. Nikimwota, hunipa mgongo. Sasa huyu hapa: taya lile, mdomo ule uliobanwa kama anayezuia kicheko. Ule weupe wa nje wa mpingo Lukasi aliuacha kichwani, ukakaa kama ukaya wake mama wa kujitanda kichwani.

"Nani kakuonyesha mama yangu?"

"Simjui mama yako," Lukasi akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Umekaa mbele yangu siku zote hizi."

Seif alidhani nimeudhika. "Tuwie radhi, mama. Naukata uso sasa hivi, haitakuwa sanamu tena." Akainua patasi.

"Usimkate mama!"

Nilimkamata mkono kwa nguvu zangu zote, nalia. Mimi! Niliyevuka bahari kuja kuvunja posa kwa ajili ya sanamu!

Lukasi alininyooshea mama, nikaogopa kumchukua. Pangani ningemweka wapi? Nilimgusa shavu kwa kidole, nikavua kanga ya begani, nikamfunika. "Kaa naye hapahapa," nikamwambia Lukasi.

Seif akauliza kwa woga, "Na posa, mama?"

"Tayarisha harusi. Lakini banda hili msilihame."

Pangani nilikuta uwani pamejaa, yule jirani mbele kabisa. "Enhe, umeyaona masanamu ya mkweo?"

"Mkwe wangu anachonga samaki vipofu," nikasema. Binti yangu akanirukia shingoni. Nami safari hiyo ilinifunza kwamba ni rahisi mtu kukataza asichokitamani.

Sasa wajukuu wapo, na kila mwaka napanda meli ile ile, natapika vile vile. Watu husema, bibi huyu kwa wajukuu hajambo. Kweli, nawapenda. Lakini nikishuka bandarini napita bandani kwanza. Nafunua kanga, nasema, "Shikamoo, mama."