Maji ya Betri kwenye Gego la Mwanaidi

Mwanangu, kuna siku ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa binti, sijaolewa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na wanunuzi wa kamba wa baharini wakaingia delta, kule mto unakomwagikia baharini. Wasichana wengi tuliacha mashamba ya mpunga tukaenda kumenya kamba. Mimi nilitoka Umwe na Mwanaidi, binti wa mama yangu mdogo, tukafikia kambi moja karibu na Kiongoroni.

Tulishinda mikono imo ndani ya barafu. Maji ya kunywa yaliletwa kwa madumu, kwa boti, nasi tukayabania. Nyumbani hatukulala bila kupiga mswaki wa mti. Kule tukaacha kabisa. Kusukutua kwa maji matamu tuliona ni kuyamwaga bure. Asubuhi chai yenye sukari tele, kisha kazini.

Mwezi wetu wa tatu pale kambini gego la Mwanaidi likatoboka, likaanza kuuma. Alificha, maana msimamizi alikuwa mkali: ukiugua, unarudishwa kwenu. Alipozidiwa akanililia mimi. Nami, mwanangu, nikajifanya mganga. Nilisikia wanawake wakisema maji ya betri huua jino likanyamaza. Nikachovya pamba kwenye betri kuukuu ya gari iliyotupwa nyuma ya banda.

"Panua kinywa, dada. Ni mara moja tu."

Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu. Akaitema ile pamba, na midomo yake ikawa myeupe mbele ya macho yangu, kama imepakwa chokaa. Siku ya pili shavu likavimba. Siku ya tatu uvimbe ukashuka shingoni, kinywa hakifunguki, mate yanamchuruzika.

Nikamkimbiza kwa Bi Tatu, mganga wa pale kijijini aliyesifika kwa dawa za meno. Nilitegemea atachemsha mizizi yake. Alimwangalia Mwanaidi, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kakutia moto huu?"

"Mimi, bibi."

"Wewe? Ndugu yake?"

Nikamwomba dawa. Akakifunika chungu chake.

"Dawa yangu ni ya fizi zinazovuja damu, mtu anasukutua anatema. Hii imeshafika kooni. Nikimpa hata funda moja nitakuwa nimemuua mimi. Mtafutie boti sasa hivi, aende hospitali!"

Tukapanda boti iliyopakia boriti za mikoko, Bi Tatu mwenyewe akikishika kichwa cha mgonjwa njia nzima. Hospitalini daktari alimpasua chini ya taya, usaha ukatoka kama bakuli zima. Kisha akauliza nani alitia tindikali ile. Mwanaidi akanyanyua mkono wake, akajigusa kifuani: ni yeye mwenyewe.

Nami nikanyamaza! Nikauacha uongo ule upite. Nakwambia kweli, kunyamaza kule kulinishtua kuliko ukelele wake. Sikujua kama mimi ni mtu wa namna ile.

Alipona, lakini kinywa chake hakikufunguka tena zaidi ya upana wa kijiko. Tuliporudi Umwe nikamweleza mama mdogo yote, nikilia. Akaniuliza:

"Ulitaka kumsaidia?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo ndilo linalonitisha," akasema, akaenda kumkorogea binti yake uji.

Basi, mwanangu unayekwenda kutafuta kazi ugenini, usikibanie kinywa chako maji. Mswaki wa mti, mswaki wa dukani, vyote vinafaa. Safisha kabla hujalala. Jino likitoboka sema mapema, hata kama msimamizi atanuna. Mganga wa miti mheshimu, hasa yule anayejua dawa yake inaishia wapi. Usimtie mwenzio kinywani kitu usichokijua kwa sababu tu unampenda. Na ukikosea, sema ni wewe, siku ileile, kabla mwingine hajakubebea lawama.

Mola akutangulie uendako, akulinde na maradhi na papara, akurudishe kwenu unacheka, na wenzio uliokwenda nao wawe wanacheka wote.